Gauti na Mkusanyiko wa Matatizo ya Umetaboli: Tusitibu Kidole Tukamwacha Mgonjwa



Fasili nazipita mbio, maana wote mnazijua. Gauti, au jongo, hutokana na fuwele za asidi ya yuriki zinazojijenga ndani ya kiungo. Mkusanyiko wa matatizo ya umetaboli huthibitika kwa mambo matatu kati ya matano: kiuno kipana, presha ya 130/85 au zaidi, sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula, trigliseridi nyingi, na uchache wa lehemu nzuri.

Mambo haya mawili ni ndugu. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa 2007 ulikuta mkusanyiko huo kwa asilimia 62.8 ya wenye gauti, dhidi ya asilimia 25.4 ya wasio nayo. Mwili usioitikia insulini huizalisha kwa wingi, na insulini hiyo huzifanya figo zirudishe asidi ya yuriki kwenye damu badala ya kuitoa kwa mkojo.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigia kelele miaka yote. Mgonjwa anafika akichechemea, kidole gumba kimevimba. Anachomwa sindano ya diklofenaki, anaambiwa aache nyama nyekundu, anaondoka. Presha hakupimwa, sukari hakupimwa, kiuno ndiyo kabisa. Maumivu yakirudi haji tena kwetu. Anakwenda duka la dawa kununua diklofenaki ileile, dawa inayopandisha presha na kuumiza figo, yaani kiungo kilekile tunachokitegemea kutoa asidi ya yuriki. Na siku presha ikigundulika, anaandikiwa bendro, dawa inayopandisha asidi hiyo. Kisha tunamlaumu kwamba amekula nyama!

Nyama ina sehemu yake, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya asidi ya yuriki hutengenezwa na mwili wenyewe, na mlo mkali peke yake huishusha kidogo tu. Hao tunaowakataza mbuzi choma hatuwaulizi habari za bia, wala za soda. Nusu ya sukari ya miwa ni fruktosi, na ini linapoivunja fruktosi hiyo huzalisha asidi ya yuriki. Mgonjwa anaacha nyama, anashushia ugali na maharage kwa soda mbili, naye anaamini amefuata masharti.

Sisemi haya kupinga mwongozo wowote wa tiba, na maoni haya ni yangu, si ya taasisi yangu. Najua pia kwamba vipimo vya lehemu havipo kila kituo. Lakini mashine ya presha ipo, na futikamba haihitaji bajeti ya halmashauri.

Kwa hiyo napendekeza kila mgonjwa wa gauti apimwe presha, sukari, kiuno na kazi ya figo, na majibu yaandikwe kwenye faili. Diklofenaki isitolewe kabla ya kujua hali ya presha na figo. Mwenye presha na gauti, bendro ifikiriwe upya. Losatani, ambayo nayo ni dawa ya presha, hushusha asidi ya yuriki kidogo, lakini bendro isisimamishwe kiholela. Anayeshikwa mara kwa mara aanzishiwe alopurinoli, miligramu 100 au chini ya hapo kwa siku, ipandishwe polepole hadi asidi ishuke chini ya 360, akikingwa kwa kolchisini miezi ya mwanzo. Alopurinoli isikatwe maumivu yanapozuka. Asidi ikionekana ya kawaida siku ya maumivu, ipimwe tena yakitulia, kwa sababu hushuka wakati huo. Ushauri wa lishe utaje soda na bia, si nyama tu. Wauzaji wa maduka ya dawa waingizwe kwenye mafunzo haya, maana huko ndiko wagonjwa waliko. Na narudia, hata kama mmechoka kunisikia: presha, sukari, kiuno.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja hii ya vipimo iingie kwenye maazimio ya leo, na itajwe ni nani atakayeisimamia kila kituo.