Kazi Yetu Mpya

Ndugu wanakisomo wa Idodi, sisi ni wageni kazini. Ofisi yetu ndogo haitafuti faida. Inafuatilia sheria za simu na kompyuta. Mwezi wa kwanza tulisoma tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Maneno yake magumu, hata mjini wanababaika!

Hapa mama mmoja, mkulima wa mpunga, akatuuliza: alama ya kidole aliyotoa kusajili laini inakaa kwa nani? Hapo kazi tukaielewa. Sheria yataka anayechukua habari zako akwambie ni za nini. Basi muulizeni.

Haya, toeni simu. Bonyezeni *106#, mtazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Usiyoijua, nenda kampuni ya simu waifute.