Mkono Ulioungua Wataka Fundi Wake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Tumezoea katika mikutano hii kuzungumza habari za mishahara, ovataimu na likizo. Leo tumekuja na habari ya masomo ya madaktari, na tunajua wako watakaouliza: sisi na masomo ya madaktari, wapi na wapi? Twaomba mtusikilize kidogo, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomea vyuma, aliungua kifua na mkono wa kulia, moto ulipolipuka kutoka kwenye pipa aliloambiwa kuwa ni tupu. Hatumtaji jina, wala hospitali alikopelekwa, kwa maana hatukuja hapa kushitaki mtu. Alifungwa bandeji, akadungwa sindano, akalala wodini wiki saba. Akapona. Yaani, kidonda kilifunga. Lakini kilipokuwa kikifunga kilivuta vidole vikaingia kiganjani, na hata leo havifunguki. Hawezi kushika koleo. Vifungo vya shati hufungiwa na mkewe. Waliomtibu walikuwa watu wema na walifanya yote waliyofundishwa. Neno letu la leo liko hapo: yaliyobaki hawakufundishwa.

Jeraha la moto si kama jeraha la kisu. La kisu utashona, ukangoja. Mtu aliyeungua sana hupoteza maji ya mwili kwa wingi asiouona, na siku ya kwanza ni hilo linaloweza kumwua. Madaktari wana hesabu yao. Mtu wa kilo 70, akiungua thuluthi moja ya mwili wake kasoro kidogo, tuseme asilimia 30, huhitaji kama lita 8 na zaidi za maji ya dawa mshipani katika saa 24, na nusu yake iingie katika saa 8 za kwanza. Saa hizo zahesabiwa tangu moto ulipompata, si tangu alipofika mlango wa hospitali. Mtu wa Likoni anayesubiri feri ameanza kuzitumia.

Kisha kuna jambo la kisu chenyewe. Moto ukizunguka mkono mzima, ngozi iliyokufa hukakamaa kama ngozi ya ngoma, na nyama chini yake huvimba. Damu haipiti tena. Dawa yake ni kuipasua ngozi ile kwa urefu, upesi, siku ile ile, ili mkono upumue. Daktari asiyepata kuliona jambo hili akifanyiwa mgonjwa na mkubwa wake ataogopa, na ni haki yake kuogopa. Atangoja asubuhi. Asubuhi huenda mkono ukawa wa kukatwa.

Tena ile ngozi iliyokufa haifai kuachwa mpaka ioze na kubanduka yenyewe. Daktari mmoja mwanamke, Zora Janžekovič wa mji wa Maribor katika Yugoslavia ya zamani, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba ni afadhali kuikwangua mapema, tabaka kwa tabaka, mpaka kufikia nyama yenye damu, kisha kuifunika hapo hapo kwa ngozi nyembamba iliyotolewa kwenye paja la mgonjwa mwenyewe. Mkono ukifunikwa mapema, ukafungwa ubao vidole vikiwa vimenyooka, na mgonjwa akazoezwa kila siku ijapokuwa analia, mara nyingi hurudi kazini. Hayo ndiyo mwenzetu aliyoyakosa.

Basi daktari anajifunzaje kazi hii? Nyote mwajua jinsi fundi wa milango ya Mji wa Kale anavyopatikana. Kijana hukaa na fundi mkuu, akashika patasi mbele yake, akaharibu mbao, akakemewa, mpaka mkono wake ukazoea. Kwa mpasuaji ni vivyo hivyo. Akisha kuwa daktari, na akisha kuwa mpasuaji, hurudi tena kuwa mwanafunzi, mwaka mmoja au zaidi, katika wodi ya walioungua, chini ya bingwa anayefanya kazi hiyo kila siku.

Ujuzi huu wenyewe uliingia Afrika ya Mashariki kwa njia hiyo. Katika vita vya pili vya dunia, Archibald McIndoe aliwatengeneza marubani walioungua nyuso na mikono, huko East Grinstead, Uingereza. Aliona kwamba walioanguka baharini walipona vizuri zaidi kuliko wengine, akaanza kuwaogesha katika maji ya chumvi. (Tafadhali mtu asimchukue mtoto aliyeungua akamtia baharini pale Forodhani! Maji ya McIndoe yalikuwa safi na chumvi yake ilipimwa.) Mpasuaji Michael Wood alijifunza kwake, akaifanya kazi hiyo huku kwetu, na mwaka 1957 wao wawili pamoja na Tom Rees wa Marekani wakaanzisha shirika la madaktari wa ndege, ambalo leo tunalijua kwa jina la Amref.

Siku hizi si lazima daktari wetu avuke bahari. Tangu mwaka 1999 kiko Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho ofisi yake iko Arusha. Hakina madarasa makubwa. Mwanafunzi hufunzwa akiwa kazini, katika hospitali zilizokubaliwa, chini ya wapasuaji waliokubaliwa, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi zote. Upasuaji wa kutengeneza ngozi na viungo ni mojawapo ya masomo yake ya ubingwa. Kwa hiyo yule asemaye, "Mkimsomesha atahamia Ulaya," twamjibu kwamba iko njia ya kumsomesha huku huku.

Wako pia watakaosema heri kuzuia moto kuliko kutibu. Ni kweli, na juu ya mapipa "matupu" tutasema na matajiri siku nyingine, tena kwa sauti kubwa. Lakini kisiwa hiki kina matangi ya mafuta Shimanzi, kina mafundi wa vyuma kila mtaa, na katika vichochoro vya Mji wa Kale kina makarai ya viazi na mahamri yanayochemka tangu alfajiri, mahali ambapo gari la zimamoto halipiti. Watu wataungua. Na Nairobi, kwenye wodi ya walioungua ya hospitali ya Kenyatta, ni kilomita karibu 490.

Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2007 yasema mtu akipata kilema cha kudumu alipwe kwa hesabu ya mapato yake ya miezi 96, kwa kadiri ya kilema. Ni haki yetu na tutaidai. Lakini miezi 96 ni miaka minane, na fundi wa miaka 30 alikuwa na miaka 30 mingine ya kazi.

Kwa hivyo kamati imeonelea tuandike barua kwa Serikali ya Kaunti, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa hospitali zetu tangu mwaka 2013. Twataka wapasuaji wa Pwani wapelekwe kusomea kazi hii, na anayekwenda asikatwe mshahara, maana mtu hasomi vizuri watoto wakilala njaa. Nafasi yake ijazwe wakati hayupo. Atie sahihi kwamba atarudi kutumika hapa kwa miaka itakayokubaliwa. Na akirudi akute wodi, kisu cha kutolea ngozi, mwuguzi na mzoeza viungo waliosomea kazi hiyo pamoja naye. Tumepata kuona mtu akipelekwa kujifunza winchi mpya, akarudi akapewa ufagio.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kabla ya kitu kingine chochote. Msipake dawa ya meno wala majivu. Najua mabomba ya kisiwani mara nyingi ni makavu. Basi mtungi mmoja wa maji usitumiwe kwa kufulia, uwe jikoni siku zote, na mmwage pole pole kwa kikombe.

Nakala za barua ziko ofisini. Makatibu wa matawi wazichukue kabla ya Ijumaa, wazisome kwa wanachama wakati wa chakula cha mchana, wakusanye sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba. Mwenzetu tuliyemtaja ameomba atie la kwanza, la mkono wa kushoto.