Kamba, Theluji na Maji ya Oktoba

Mhadhara wa umma, Litapunga, Katavi



Najua yupo anayejiuliza moyoni, theluji na Litapunga wapi na wapi? Ana haki. Nimekuja na theluji kwa sababu wapo watu duniani ambao riziki yao hutegemea kitu kinachoshuka kutoka mbinguni kwa miezi michache tu, na kila mwaka bodi zao hubishana pesa iende wapi: kwenye kumfikisha mgeni, au kwenye kuhakikisha kile anachokijia kipo. Ubishi huohuo tunao Katavi, ila sisi hatujauweka mezani.

Tuanze na kumfikisha. Wachezaji wa kuteleza kwenye theluji hupandishwa mlimani kwa viti vilivyoning'inizwa kwenye kamba ya chuma inayozunguka bila kusimama. Viti vya kwanza vya namna hiyo vilifungwa Sun Valley, Marekani, mwaka 1936. Aliyevibuni, James Curran, mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliiga mtambo wa kupakia ndizi melini. Naam, ndizi! Sisi wa nchi za joto tuna hisa yetu katika mchezo huu.

Mitambo ya kisasa hukiachia kiti kikifika kituoni, kikatembea polepole abiria akae, kisha kikaidaka tena kamba na kwenda mita 5 hivi kwa sekunde, karibu maradufu ya ile ya zamani. Mtambo mmoja hugharimu mamilioni ya dola. Meneja mwenye pupa hudhani amenunua dawa ya foleni, kumbe idadi ya watu wanaopanda kwa saa huamuliwa na nafasi za viti na muda unaopita kati ya kiti na kiti. Kasi ya kamba peke yake haiongezi abiria. Zaidi ya hapo, aliyefika juu haraka atateleza na kurudi kupanga mstari mapema zaidi. Foleni yaweza hata kurefuka, na mteremko ukajaa watu hadi theluji ikakwanguliwa na kubaki barafu tupu. Kwa hiyo wenye busara huhesabu kwanza mteremko unabeba watu wangapi kwa usalama, ndipo wazungumze habari za kamba.

Upande wa pili ni theluji yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Connecticut, Art Hunt, Dave Richey na Wayne Pierce, waliokuwa wakiunda vifaa vya kutelezea, walirusha maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa kwenye baridi kali, matone yakaganda kabla ya kutua. Mwaka 2022 Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing ilitegemea karibu kabisa theluji ya mashine. Lakini mashine hiyo haimtii mwenyewe wakati wote. Inahitaji baridi ya kama nyuzi 2 chini ya sifuri au zaidi, na hewa kavu, na saa za namna hiyo katika mwezi wa Novemba zinazidi kuwa haba. Ndiyo maana pesa nyingi huzama kwenye pampu, mabomba na bwawa, ili zikipatikana saa chache za baridi, maji yote yarushwe kwa mkupuo.

Nao wenye milima hawaanzi popote tu. Huanza na mteremko wa wanaojifunza na njia ya kumrudisha mgeni chini, na lengo ni Krismasi. Wiki za sikukuu zikiwapita mlima ukiwa mtupu, theluji tele ya Machi hairudishi hasara. Wananunua theluji ya tarehe fulani, na hiyo tarehe ndiyo iliyonileta kwenu.

Kabla sijarudi kwetu Katavi, niruhusuni nipitie Kilimanjaro. Mwaka 2019 Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Constantine Kanyasu, alitangaza kwamba serikali inafikiria kuweka magari ya kebo mlimani. Wapagazi walipinga kwa kuhofia ajira zao, na hoja yao ilisikika nchi nzima. Mimi nilisubiri hoja nyingine ambayo haikuvuma: kati ya 1912 na 2007 mlima huo ulipoteza takribani asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Kwenye kilele chake cha Kibo hakuna bwawa la kujaza pampu, wala hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelichimba. Kebo ingemharakisha mgeni kuelekea kitu kinachoondoka.

Sasa Katavi. Hifadhi yetu ya Taifa ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Kwa miaka mingi tumelia na njia, na kilio kimesikika: lami imetuunganisha na Tabora, na Mpanda ndege inatua. Kamba tunayo, ingawa barabara za ndani wakati wa masika bado ni kasheshe.

Mgeni anakuja kuona nini? Anakuja kiangazi, viboko wamesongamana kwa mamia kwenye madimbwi ya Ikuu, mamba wamejichimbia kwenye kingo za mto Katuma, nyati wakishuka kunywa. Tazameni ajabu ya biashara hii: maji yakiwa mengi wanyama hutawanyika asiwaone, na yakikauka kabisa viboko hufia kwenye tope. Utalii wa Katavi unasimama juu ya maji machache yanayobaki Septemba na Oktoba. Wenzetu wana Krismasi yao, na sisi tuna Oktoba yetu.

Watafiti wa maji wameshaandika kwamba mabanio na matuta ya umwagiliaji yaliyojengwa mtoni, kabla haujaingia hifadhini, yamepunguza mtiririko wa Katuma wakati wa kiangazi. Mto Ruaha Mkuu ulitangulia: tangu mwaka 1993 hukauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi, baada ya maji ya bonde la Usangu kutumika huko juu. Sijaja kumshitaki mkulima. Kufunika hekta moja kwa theluji ya mashine ya sentimita 30 hutumia mita za ujazo elfu moja na ushei za maji; hekta ya mpunga hunywa mara kumi ya hizo au zaidi, lakini mpunga unalisha Mpanda na theluji hailiwi. Tena mpunga mwingi hulimwa kwa maji ya masika, wakati mto una ya kugawa. Ninalolisema ni jambo dogo: banio linalobaki limefungwa baada ya mavuno halimlishi mtu yeyote.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka maji ya mazingira yatengwe kabla ya vibali vya matumizi mengine. Kinachokosekana ni vitu visivyokatiwa utepe: kipimo cha kina cha maji kinachosomwa kila siku, mageti ya chuma badala ya viroba vya mchanga, posho ya jumuiya ya watumia maji ili msimamizi wake aende mtoni Agosti bila kuomba lifti ya bodaboda, na ulinzi wa miombo kule mto unakoanzia. Vyote hivyo naamini havifikii gharama ya kilomita chache za lami.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ikiletwa bajeti mbele yenu yenye geti jipya la wageni, ulizeni swali moja kabla ya kupitisha: kipimo cha Katuma cha mwezi Oktoba uliopita kilisomeka ngapi? Kama hakuna aliyekisoma, fungu la kwanza liende huko.