Ufunguo wa Bweni
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bukura)



Tarehe 3 Februari, 2020, mjini Kakamega, watoto 14 wa shule ya msingi walikufa kwa kukanyagana ngazini. Na jua lilikuwa halijatua. Basi ninyi mnaotunza watoto wenye ulemavu wa akili, fikirini moto wa usiku. Kengele ikilia, mmoja atajificha chini ya kitanda, mwingine ataziba masikio akatae kuondoka, wa tatu ataanguka kifafa. (Huyo mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko kinywani.)

Na zamu ya usiku ni mama mmoja, ufunguo mmoja. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli.

Kanuni za moto za mwaka 2007 zamtaka mwajiri afanye zoezi la kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Sisi twadai lifanywe usiku, na watumishi wa zamu hiyo hiyo, wapishi na askari wa lango wakiwamo, na saa hizo zilipwe. Kila mtoto awe na mtu wake wa kumshika mkono, anayemzoea.

Barua iko mezani kwa katibu. Tieni sahihi kabla ya chakula.