Ugonjwa wa Kudumu na Moyo Uliochoka

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya. Wengi hutuita madaktari na sisi hatukatai, lakini mimi ni yule mtu wa kwanza unayekutana naye ukiumwa, kabla hata ya kufikiria kwenda hospitali ya wilaya. Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya magonjwa ya kudumu, yale ambayo ukishayapata unaishi nayo. Nilikuwa nimeandaa mchoro mkubwa wa kongosho. Nimeuacha nyumbani. Nitawasimulia kosa nililolifanya mwenyewe, nadhani litawafaa zaidi kuliko mchoro.

Kituoni kwetu siku moja kila wiki ni kliniki ya wagonjwa wa kisukari. Miongoni mwao alikuwa binti wa kidato cha pili, anayesoma shule ya bweni. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake, mradi nisitaje jina lake wala shule. Alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka 11, ile aina ya kwanza. Hii siyo sukari ya wazee mnayoisikia mitaani, wala haitokani na kula peremende. Kongosho la mgonjwa huacha kutengeneza insulini, na bila insulini sukari hubaki kwenye damu, haiingii mwilini kumpa nguvu. Mgonjwa anakula lakini mwili una njaa! Kwa hiyo ni lazima ajidunge insulini kila siku. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa kijana wa umri wenu, Leonard Thompson, miaka 14, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na njia ya kupona. Thompson aliishi miaka 13 zaidi.

Sasa, mgonjwa wa namna hii hupewa daftari la kuandika vipimo vyake. Binti huyu daftari lake lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote. Asubuhi 6, jioni 7, asubuhi 6, jioni 7. Nikampongeza. Kliniki iliyofuata nikampima mwenyewe kwa tone la damu la kidoleni, mashine ikasoma 24. Nikalitazama tena lile daftari. Wiki nne nzima zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila hata doa. Alikuwa amelijaza lote usiku wa kuamkia kliniki.

Je, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilifoka. Nilimwambia, "Wewe binti, unataka kufa?" Akanitazama, akasema, "Sijui, daktari." Na mimi, mwenye cheti ukutani, nikasikia jeuri. Nikaandika kwenye faili lake: hafuati maelekezo. Nikamwita mgonjwa anayefuata.

Baada ya miezi miwili aliletwa usiku kwenye pikapu ya shule. Alikuwa akitapika, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana. Zikumbukeni dalili hizo, pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, maana mtu akifika hapo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huo huo, siyo kesho. Tulimwekea dripu tukamkimbiza wilayani. Akapona.

Aliporudi kliniki, hakuanzia kwangu. Alikutana na muuguzi wetu mmoja, mama mtu mzima asiye na haraka. Muuguzi hakuuliza habari za sukari. Aliuliza, "Mwanangu, unalala?" Binti akaanza kulia, na akazungumza karibu saa nzima. Kumbe bwenini walimwona na sindano wakamwita teja. Akawa anajidungia chooni, kwa hofu, halafu siku nyingine haendi kabisa. Kumbe nyumbani alimsikia baba yake akisema mdogo wake atasubiri ada kwa sababu ya gharama za dawa. Akajiona yeye ni mzigo. Hakuwa anapata usingizi, chakula hakina ladha, hata netiboli aliyokuwa akiipenda aliiacha. Lile "sijui" alilonijibu halikuwa jeuri. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na mimi sikulisikia.

Hali hiyo ina jina: sonona. Siyo uvivu, siyo kurogwa, wala siyo kukosa imani. Watu wenye kisukari hupata sonona karibu mara mbili zaidi ya wasio nacho. Na haya mambo mawili huchocheana. Ukiwa na hofu au msongo wa mawazo, mwili hutoa homoni zinazopandisha sukari. Sukari ikipanda unachoka, unakojoa usiku kucha, hulali, moyo unazidi kuwa mzito. Moyo ukiwa mzito sindano unaiona ya nini. Hebu niambieni, hapo utatibu sukari peke yake mpaka lini?

Tangu siku ile kituoni kwetu tunauliza maswali mawili kwa kila mgonjwa wa kliniki, awe wa sukari, presha, kifafa, pumu, siko seli au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Maswali hayo hayakubuniwa na sisi, yanatumika duniani kote. La kwanza: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au furaha ya kufanya mambo yako? La pili: umekuwa na huzuni, au umekata tamaa? Hata wewe unayesoma, unaweza kujiuliza sasa hivi. Ukiona jibu ni "ndiyo, siku nyingi," usingoje kuulizwa na mtu.

Najua mtasema, kliniki ina foleni, daktari mkali, nitaanzaje? Anza hivi: "Daktari, dawa naziacha mara nyingine, na nataka kukueleza kwa nini." Sentensi hiyo moja tu. Kama mlango uko wazi na watu wanasikiliza, omba ufungwe, ni haki yako. Kama tabibu ana haraka (sisi tuna haraka sana, mtusamehe), mtafute muuguzi. Kama mwenzako atakuambia kwamba anatamani afe, usimcheke wala usikubali kumtunzia siri hiyo. Kaa naye, na siku hiyo hiyo mwende kwa matroni, mwalimu au mzazi, kisha kituo cha afya.

Matibabu ya sonona kwa umri wenu huanza na mazungumzo. Vidonge vipo, lakini kwa kijana huamuliwa na mtaalamu wa afya ya akili. Na mazungumzo siyo porojo! Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare na mabibi 14. Mabibi, ndiyo, msicheke. Walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja tu kati ya mengi na hatua moja ya kulitatua. Washona wana neno kwa ugonjwa huo, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wao katika zahanati 24, kwa wagonjwa 573, ambao baadhi yao walikuwa wakiishi pia na virusi vya UKIMWI. Baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za sonona chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Sisi hatuna benchi la namna hiyo, tuna yule muuguzi na mkeka chini ya mwembe. Binti alichagua tatizo la choo. Siyo ada, siyo baba, choo! Mimi ningeanza na lishe. Muuguzi akaongea na matroni, ukapatikana mlango wenye kitasa na mtungi wa udongo wa kuhifadhia insulini ipate ubaridi, kwa sababu bwenini hakuna friji. Matroni akawaeleza wasichana wenzake insulini ni nini, na wafanye nini mwenzao akianza kutetemeka na kutoka jasho, yaani sukari imeshuka: wampe soda au maji ya sukari haraka, bila kungoja ruhusa ya mwalimu, mradi anaweza kumeza. Akizimia wasimpe kitu mdomoni, wamkimbize hospitali. Mazungumzo na baba yalikuja baadaye, na hayakuwa rahisi. Sitayasimulia, ni yake.

Jambo moja kabla sijasahau, maana nimeliona mara nyingi mno. Kuna watakaokuambia umeshapona, acha dawa. Ombewa, hilo ni jema, lakini usiache insulini hata siku moja, na dawa za kifafa vilevile, zikikatizwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu.

Yule binti sasa yuko kidato cha nne. Wiki nyingine bado ni mbaya, na anasema. Daftari lake siku hizi ni chafu: 5, 14, 9, kalamu tatu tofauti, tone la damu kwenye kona, siku mbili hazina kitu na ameandika "sikupima, nilikuwa na hasira." Kliniki iliyopita nilikuta 17 mara mbili mfululizo, na pembeni kwa penseli: "mtihani wa hesabu." Nikavuta kiti, tukaanza na hesabu.