Mashine ya Kusaga Ikipoteza Nguvu: Ulizeni Hewa Inatorokea Wapi

Mazungumzo na kamati za vikundi vya kujisaidia vyenye mashine za kusaga



Leo nataka tuzungumze juu ya injini ya dizeli inayozungusha kinu chetu. Vikundi vingi vilichanga kwa miaka mingi kabla ya kuinunua. Halafu siku moja inakataa kuwaka. Fundi anaitwa, anapiga hendeli mara mbili, anatikisa kichwa na kusema, "Kompresheni imekwisha. Tafuteni injini nyingine." Hapo kamati inaanza kugombana. Mweka hazina anatazamwa kwa jicho baya. Watoto nao wanatumwa mbali na gorogoro zao za mahindi.

Huenda fundi anasema kweli. Lakini huenda pia kazi yenyewe ni ya spana moja na nusu saa. Kwa hiyo neno langu ni hili: kabla ya kuuliza bei, ulizeni hewa inatorokea wapi.

KOMPRESHENI NI NINI?

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inapopanda huibana hewa iliyo ndani ya silinda. Injini nyingi za dizeli huibana hewa mpaka ibaki kiasi cha sehemu 1 kwa 16, au hata 1 kwa 20, ya nafasi yake ya kwanza. Hewa ikibanwa hivyo hupata joto kali, kupita digrii 500 za Selsiasi, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Basi hewa ikivuja, joto halifiki, na dizeli inatoka kwa bomba kama moshi mweupe wenye harufu kali.

Dalili zake mnazijua. Inasumbua kuwaka asubuhi. Hendeli inazunguka kwa wepesi. Debe moja linachukua muda mrefu kusagwa. Wakati mwingine moshi ni wa buluu na oili inapungua kila siku. Lakini angalieni: filta chafu, hewa kwenye paipu ya dizeli, au nozeli iliyoziba pia huzuia injini kuwaka. Ndiyo maana lazima tupime.

KUPIMA BILA CHOMBO CHA BEI

Nachukua mfano wa injini zile nzito za silinda moja, za mwendo wa polepole, kama Lister zilizotengenezwa Dursley, Uingereza, na zile za India zilizofuata mtindo huo. Anayepima awe mtu anayeijua mashine.

1. Fungeni dizeli. Toeni mkanda wa kinu na hendeli. Shusheni kile kimkono kidogo juu ya hedi, kile tunachokiinua wakati wa kuwasha.

2. Zungusheni pole pole, kwa mkono, lile gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Injini nzima itawakatalia. Gurudumu litasukuma kurudi nyuma, na mtasikia mgandamizo huo kwa sekunde kadhaa. Injini inayovuja hupita kwa ulaini kama mlango usio na komeo.

3. Mmoja ashikilie gurudumu hapo hapo kwenye mgandamizo, mwingine asikilize. Kelele ya hewa ikitokea kwenye njia ya kuingiza hewa, valvu ya kuingiza inavuja. Ikitokea kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutoa moshi. Ikitokea mahali pa kujazia oili, hewa inapita kwenye ringi za pistoni. Mapovu yakionekana kwenye maji ya kupoza, gasketi ya hedi imeungua au hedi ina ufa. Pakeni pia maji ya sabuni kuzunguka hedi na nozeli mwone kama yatatoa mapovu.

4. Fundi atie kijiko kimoja au viwili vya chai vya oili ndani ya silinda, azungushe mara kadhaa kimkono kikiwa juu, kisha apime tena. Nguvu ikirudi, ringi au silinda zimelika, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Isiporudi, tazameni valvu na gasketi. Msizidishe! Oili haibanwi kama hewa, na ikijaa inaweza kupinda chuma ndani. Na wale wanaotia oili kila asubuhi ili iwake, wajue hawajatengeneza kitu. Wanaahirisha tu.

KUTENGENEZA: ANZENI NA KILICHO RAHISI

Kwanza, tapeti na kile kimkono. Tapeti ikikazwa kupita kiasi, valvu haifungi kabisa. Kimkono kikirekebishwa vibaya, huacha valvu ya moshi wazi kidogo. Hapo hakuna spea ya kununua. Fundi arekebishe nafasi kulingana na kitabu cha injini.

Pili, valvu. Hedi itatolewa, masizi yasafishwe, na valvu isagwe kwa dawa yake mpaka ioneshe mduara wa kijivu usiokatika. Mwambieni fundi amimine mafuta ya taa kwenye tundu la hedi, valvu ikiwa mahali pake. Yakipenya, kazi bado. Hedi ikishatolewa, wekeni gasketi mpya. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na zikaguliwe tena baada ya injini kufanya kazi na kupoa.

Tatu, ringi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ringi mpya ndani ya silinda iliyolika haitasaidia. Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa upande huu na upande ule. Ikiwa imelika kupita kipimo cha kitabu, itabidi kuchongwa upya au kutiwa silivu mpya. Mzigo huu ni mkubwa, na kikundi kijue kabla ya kukubali.

KWA NINI IMELIKA MAPEMA?

Tazameni nyumba yetu ya mashine: vumbi la unga, na mchanga unaoletwa na upepo. Yote huvutwa na injini kama filta ya hewa ni chafu. Mchanga hukwaruza silinda kama msasa. Oili iliyochakaa na maji yaliyopungua humaliza kazi. Tengeni injini na kinu kwa ukuta, safisheni filta, na badilisheni oili kwa saa zilizoandikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YA KAMATI

Fundi apime mbele ya wanakikundi watatu. Mlipeni kwa kazi ya kupima, mbali na ya kutengeneza, asilazimike kutafuta ugonjwa mkubwa ili apate chakula chake. Mwambieni awaoneshe mahali hewa inapotoka. Fundi mwaminifu hataudhika. Spea ya zamani irudi kwa kikundi, na risiti ibandikwe daftarini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa kila debe linalosagwa, senti kidogo ziende kwenye mfuko wa matengenezo, usioguswa kwa kazi nyingine.

Tukifanya hivyo, hata ikibidi kununua injini, tutaamua tukiwa na macho wazi, na hakuna mama atakayeshukiwa bure.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Filta ya hewa ya mashine yetu ilisafishwa lini mara ya mwisho, na nani aliandika?

2. Mara ya mwisho tulipomlipa fundi, alituonesha kosa liko wapi?

3. Injini ikikataa kesho asubuhi, mfuko wa matengenezo una shilingi ngapi?