Safari ya Tanga kutoka Karungu hadi Mfangano

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee na vijana wa Masara)



Nilipoombwa nizungumze nanyi juu ya safari za majini nilistaajabu kidogo, maana Masara si bandari. Hapa watu hushuka chini ya ardhi kutafuta dhahabu. Lakini kila mchimbaji aliye mbele yangu anajua ya kuwa shimo halishukiwi kabla kuta zake hazijatazamwa na miti ya kuzitegemeza haijawekwa. Na safari ya tanga ni vivyo hivyo. Sehemu yake kubwa hufanywa ufukoni, mtu angali amesimama juu ya mchanga mkavu.

Nimepata habari kwamba baadhi yenu mnakusudia kununua mashua ndogo ya tanga na kwenda nayo Mfangano, mkiondoka Karungu alfajiri na kula chakula cha jioni kisiwani siku ile ile. Shauri hili la siku moja ndilo nataka tulipime pamoja.

Ziwa letu, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la kilomita za mraba kama 68,000, nalo limelala juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134 hivi. Fungu la Kenya ni dogo, yapata sehemu 6 katika 100. Lakini upepo na mawimbi havijui mipaka ya serikali. Mzee wa Wasini au Lamu apangapo safari huanza kwa kuuliza habari za maji kujaa na kupwa, kisha habari za kusi na kaskazi. Huku kwetu hakuna maji kujaa na kupwa ya kumsaidia wala kumzuia msafiri. Huku mwenye amri ni saa ya siku.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hushuka kutoka vilimani ukielekea ziwani. Upepo huo hudumu hata asubuhi, kisha hufifia kadiri ya saa tatu au saa nne, na maji hutulia kama mafuta. Jua likiisha kuichoma nchi, upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja pwani, nao huzidi nguvu tangu adhuhuri mpaka jioni. Mawimbi yake ni mafupi, yenye kusimama wima na kufuatana karibu karibu, na mashua ndogo haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Tena usiku mawingu ya radi hukusanyika juu ya ziwa, ndiyo sababu simshauri mtu yeyote mgeni wa kazi hii aondoke usiku wa manane kwa kusudi la kupata saa nyingi zaidi.

Sasa na tufanye hesabu. Kutoka Karungu hadi Mfangano, kwa mstari ulionyooka, ni kadiri ya kilomita 40, na mashua haiendi kwa mstari ulionyooka. Mashua ndogo yenye upepo wa kiasi huenda kilomita sita kwa saa, au saba ikiwa na bahati. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi, upepo mwema utawaacha saa nne, nanyi mmepita nusu ya njia kidogo tu. Mtaelea katika utulivu huo, mkipiga makasia, mpaka upepo wa ziwani uwakute chini ya milima ya Gwassi. Katika kazi yangu ya kufasiri, maneno ya ubaharia hunipa taabu kuliko mengine yote. Watu wa pwani husema joshi kwa upande unakotoka upepo, na demani kwa upande unakokwenda. Basi mchana pwani ya Gwassi yote ni demani, na mahali pengi ina mawe. Mashua iliyoshindwa kujitenga nayo hutupwa juu ya mawe hayo. Na tanga la foromali si jepesi kupindua kati ya mawimbi. Heri kupanga njia isiyolazimu kubisha kuliko kutegemea ustadi ambao bado hamnao.

Kwa hiyo shauri langu ni siku mbili. Siku ya kwanza ondokeni Karungu mapambazuko, fuateni pwani kuelekea kaskazini, upepo wa nchi ukiwapiga ubavuni, mkaingie Nyandiwa na kuivuta mashua nchi kavu kabla ya adhuhuri. Lalani hapo. Mtu atacheka kwamba mmesafiri nusu siku tu. Mwacheni acheke.

Siku ya pili ndiyo yenye maji wazi. Mlima wa Mfangano huonekana toka mbali, na kwa hiyo njia haipotei kirahisi, lakini mlima uonekanao karibu si lazima uwe karibu. Kabla ya kuondoka Nyandiwa, nahodha na ataje saa ya kuamua, mbele ya wote. Mimi ningesema saa tatu. Saa hiyo ikifika na kisiwa kikawa bado mbali, au wingu jeusi likawa limesimama upande wa magharibi, omo na igeuzwe kuelekea Sindo, ambako upepo wa ziwani utawasukuma badala ya kuwapinga. Naitaka saa itajwe mapema kwa sababu ikiwa kati ya maji kila mtu huona aibu kuwa wa kwanza kusema turudi, na mara nyingi yuko mmoja aliyeahidi kufika.

Mashua yenyewe itazamwe wiki nzima kabla. Viungo vya mbao vitiwe kalafati, kisha mashua iwekwe majini usiku kucha ionekane inavuja wapi. Kila mashua huvuja, ila mpate kujua ni upo wangapi kwa saa. Farumi iwe mifuko ya mchanga iliyofungwa imara, maana mzigo unaoteleza upande mmoja hupindua chombo kuliko upepo. Chukueni tanga la pili, dogo, kwa kuwa tanga kubwa haliwezi kupunguzwa upesi. Na koti la kuelea kwa kila kichwa, livaliwe, lisikaliwe kama mto. Nimeona makoti mazuri yaliyofungiwa ndani ya gunia ili yasichafuke.

Kuna jambo jipya kwa wale wanaotegemea habari za wazee. Ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964, na mwaka 2020 likapanda tena hata kuipita alama ya 1964. Mahali pengi palipokuwa ufuko pakazama, pamoja na visiki, kuta na vyoo. Basi ulizeni wavuvi wa mahali penyewe juu ya kila gati mtakalolishukia, wala msiamini ramani ya zamani. Kamati ya ufuko iachiwe majina yenu, rangi ya tanga, na siku ya kutazamiwa. Habari za Idara ya Hali ya Hewa zisikilizwe jioni na tena alfajiri, na simu ya mkononi ifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Wengine mmeniuliza kuhusu Remba na Migingo. Remba kiko mbali zaidi kuliko Mfangano, na Migingo, kijiwe kidogo kuliko uwanja wa mpira, kimekuwa na ugomvi wa mpaka kati ya Kenya na Uganda tangu miaka ya 2000, na wavuvi wamepata kukamatwa katika maji hayo. Safari za kujifunza zisielekezwe huko.

Mfangano mtawakuta Wasuba, na michoro ya kale juu ya miamba ambayo peke yake yastahili safari. Lakini msihesabu siku za kukaa kwa hamu yenu. Tangu Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huwa na nguvu, na njia ya kurudi Karungu huwa ni kuupinga. Chukueni unga wa siku tatu zaidi, na nauli ya kila mtu ya kurudi kwa feri ya Mbita na gari la barabarani, iwekwe kwa nahodha isiguswe. Mashua itafuata baadaye, upepo ukiruhusu.